Sura ya Saba: Shahidi Mmoja

Karatasi yenyewe ilikuwa nyepesi, ya rangi ya waridi, imejaa miraba midogo midogo mithili ya matundu ya chandarua, na juu ya miraba ile umepita mstari mweusi wenye kupanda na kushuka kwa nidhamu kutoka ukingo hadi ukingo. Na lau ingalikuwa na mstari ule peke yake isingalinidhuru kitu, kwa kuwa sikujua kuusoma. Lakini juu kabisa, chini ya umri wangu wa miaka 54, mashine ilikuwa imepiga chapa kwa Kiingereza maneno machache ambayo maana yake ni kwamba mapigo yanaanzia mahali pake, kwamba wimbi la T lina mabadiliko yasiyo mahususi, kwamba kipimo hiki kimo mpakani, na kwamba habari zote hizo hazijathibitishwa na tabibu. Sikuwa nimekwenda kutazamwa moyo. Nilikwenda kwa ajili ya ngiri iliyokuwa ikinisumbua tangu mwaka uliotangulia, na kwa kuwa nilikuwa nakaribia kupasuliwa ikaonekana heri nipimwe umeme wa moyo kwanza. Nikavua shati, nikalala chali, muuguzi akanibandika vibandiko kumi, vinne vya mikono na miguu na sita vya kifuani, akaniambia nisiseme wala nisitikisike, na kwa muda wa sekunde kumi kazi ikawa imekwisha. "Daktari ataiona wiki ijayo, mzee," akasema, "we kaa nayo tu."

Nikakaa nayo siku tisa.

Neno lililonikosesha usingizi ni lile la mpakani. Mgonjwa hujua alipo, na mzima hujua alipo. Lakini aliyeambiwa kuwa yumo mpakani hajui uso wake umeelekea upande gani, na nafsi ya mwanadamu, inapokosa yakini, haina desturi ya kudhania kheri. Usiku nililalia ubavu wa kushoto nikausikia moyo ukipiga ndani ya mto, nikageukia wa kulia nikausikia tena masikioni, nikaanza kuhesabu, na katika kuhesabu nikaona kana kwamba pigo moja limeruka, jambo ambalo huwapata watu wengi wenye siha njema wala wasilijue, kwa sababu wao hawakulala wakiyahesabu mapigo yao. Mchana nikawa napanda vidato vya msikiti kidato kimoja kimoja, mkono ukutani. Nikamwomba kijana wa jirani anitafutie katika simu yake, naye akaniletea majibu mengi yanayopingana, nikayashika yale ya kutisha na kuyasahau mengine. Mke wangu, aliponiona naitoa karatasi katika bahasha ya kaki kwa mara isiyo na hesabu, akaweka chini ungo wa mchele, akaniuliza kwa upole, "Imebadilika?"

Sura hii naiandika kwa ajili ya watu waliomo katika siku tisa zile, waliokwisha kupewa karatasi na hawajapewa maneno. Naona ni dhuluma, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia, kumkabidhi mtu habari za moyo wake kwa lugha ya mashine na kumwacha aende nayo nyumbani, akaifasiri kwa hofu yake mwenyewe.

Na tuanze kwa kujua mashine ile husikia nini. Moyo wa binadamu hujiendesha kwa umeme wake wenyewe. Katika chumba chake cha juu cha kulia, karibu na pale unapoingia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kifundo kidogo cha nyama ambacho, kwa mtu mzima aliyetulia, hutoa cheche mara 60 hadi 100 kwa dakika. Cheche hiyo huenea katika vyumba vya juu viwili, ikachora juu ya karatasi kilima kidogo kiitwacho P. Husita kitambo katika njia ya katikati, ili vyumba vya juu vipate kumimina damu yao. Kisha hushuka kwa kasi katika vyumba vya chini vyenye nyama nene, ikachora ule mnara mwembamba unaojulikana kwa herufi tatu, Q na R na S. Na baada ya hapo nyama ile hurudi katika hali ya utulivu wa umeme, ijiandae kwa pigo linalofuata, na marejeo hayo ndiyo wimbi la T. Karatasi hupita chini ya kalamu kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sehemu 4 katika sehemu 100 za sekunde, na kimo cha milimita 10 ni sehemu moja katika elfu ya volti. Kwa vipimo hivyo vidogo ndivyo inavyoandikwa kadhia nzima.

Aliyeyatia mawimbi hayo herufi zake ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, katika kisiwa cha Java, mwaka 1860, akawa mwalimu mkuu wa elimu ya viungo katika chuo cha Leiden. Kabla yake, mwaka 1887, Augustus Waller wa London alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba umeme wa moyo wa mtu aliye hai waweza kunaswa nje ya mwili, na alikuwa na mbwa wake, Jimmy, aliyesimama kwa subira na miguu yake ndani ya maji ya chumvi mbele ya wataalamu. Lakini chombo cha Waller kilikuwa kizito cha kusikia, na mchoro wake ulitoka umefifia. Einthoven, mwanzoni mwa karne ya 20, alitundika uzi mwembamba mno wa kioo cha kwatzi, uliopakwa fedha, baina ya sumaku mbili zenye nguvu, na uzi ule ukatetemeka kwa umeme wa moyo kama unyasi unavyotetemeka kwa upepo usiohisika. Mashine yote ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alikaa mikono yake na mguu wake mmoja imetumbukizwa ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa hospitali ilikuwa umbali wa kilomita moja na nusu kutoka maabara yake, na mashine haikubebeka, alivuta waya wa simu baina ya majengo mawili yale, moyo ukipiga huku na uzi ukitetemeka kule. Mwaka 1924 akapewa tuzo ya Nobel. Nimesimama hapa kidogo kwa sababu ndoo zile hunisaidia kukumbuka kwamba vibandiko vyetu vya leo, pamoja na wepesi wao wote, havifanyi ila kazi ile ile ya ndoo: vinasikiliza kutoka nje.

Na mwenye kusikiliza kutoka nje ana mipaka yake. Mtu aliyesimama nyuma ya ua akisikia ngoma aweza kukuambia kama mpigaji anakwenda sawa au anapotea, kama anakimbiza au anachelewesha, hata pengine akajua kuwa ngozi imelegea upande mmoja. Lakini hamwoni mpigaji, hajui amekula nini, wala hajui kama kesho atakuwa na nguvu za kupiga tena. Ndivyo ilivyo karatasi ile. Haioni ndani ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ikajua kama imeziba nusu au ni myeupe kama ya mtoto. Haioni vali zikifunguka na kufungwa, zile ambazo kwetu huharibiwa aghalabu na homa ya baridi yabisi iliyoanza kwa maumivu ya koo utotoni. Wala haipimi nguvu ya kusukuma. Hupata habari hizo kwa njia ya kuzunguka, pale madhara yanapokuwa yamefika kwenye umeme, na si madhara yote yafikayo huko.

Sasa turudi kwenye wimbi la T, kwa kuwa katika michoro yote ya karatasi ile hakuna linalozaa utata zaidi yake. Limekwisha kuelezwa kuwa ni wimbi la marejeo na utulivu, na utulivu huvurugwa na mambo mengi kuliko kazi. Kuvuta pumzi ndefu hulibadilisha. Kunywa maji ya baridi sana hulibadilisha. Shibe hulibadilisha, na fadhaa vilevile, hata mtu aliyelala pale akiogopa karatasi aweza kuitia karatasi alama ya hofu yake. Madini ya potasiamu yakipungua mwilini, kwa kuharisha au kwa vidonge vya kukojoza maji, wimbi huwa bapa. Ziko dawa kadhaa zinazolikunja. Tena kuna mkono wa mwanadamu: vibandiko viwili vya kwanza vya kifuani mahali pake ni kwenye nafasi ya nne baina ya mbavu, huku na huku ya mfupa wa kidari, na muuguzi aliyechoka akivibandika ubavu mmoja juu zaidi, karatasi yaweza kutoa sura inayofanana na ya mtu aliyewahi kufa sehemu ya nyama ya moyo, na nyaya za mikono miwili zikibadilishana, mchoro wa kwanza hutoka umepinduka juu chini. Programu iliyomo ndani ya mashine haijui lolote katika haya. Imefundishwa kutokosa mgonjwa, na mwenye kuogopa kukosa mgonjwa mmoja huwa hana budi kuwashuku wazima wengi. Kwa hiyo kila linalopotoka kidogo kutoka kwenye kanuni yake huliandikia neno, kisha, kwa insafu, huongeza kwamba habari haijathibitishwa. Mistari yote niliisoma ila huo.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa, nami sitaki kulipita mbio. Kanuni nyingi za kusomea karatasi hizi zilitungwa kwa kupima vifua vya watu wa Ulaya na Marekani. Ile maarufu ya Sokolow na Lyon ya mwaka 1949, kwa mfano, inayojumlisha kina cha wimbi moja na kimo cha jingine na kusema kwamba jumla ikifika milimita 35 basi ukuta wa moyo umenenepa, huwashuku bila haki vijana wengi wembamba, na weusi zaidi, ambao umeme wao hufika kwenye ngozi kwa nguvu kwa kuwa hakuna mafuta ya kuuzuia au kwa sababu ya maumbile tu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 23 anayeogelea kila alfajiri, alikwenda kupimwa ili apewe cheti cha ubaharia. Karatasi yake ilionyesha sehemu ya mstari iliyoinuka na wimbi la T lililopinduka katika vibandiko vinne vya kwanza vya kifuani, na aliyempima akamwandikia kuwa hafai, bila kumwuliza swali hata moja. Meli ikaondoka bila yeye. Miezi minne baadaye, bingwa wa moyo aliyemfanyia kipimo cha eko, yaani kile cha mawimbi ya sauti kinachouonyesha moyo ukicheza, alimwambia kwamba sura ile, kwa kijana mweusi mwanamichezo asiye na dalili yoyote, imo katika yale ambayo mabingwa wa nchi mbalimbali, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, waliyahesabu kuwa ni ya kawaida. Moyo wake ulikuwa mzima. Meli haikurudi.

Hata hivyo namwomba msomaji asije akaifanya habari hii kuwa ngao. Bingwa yule yule alimweleza kwamba kama wimbi lingalipinduka hadi kwenye vibandiko vya tano na vya sita, vilivyo chini ya kwapa la kushoto, basi asingalimwachia kwenda, awe mweusi au mweupe, mpaka amchunguze kwa utulivu na kumrudia tena mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kupinduka kwa upande ule kwaweza kuwa mtangulizi wa maradhi ya nyama ya moyo yanayoua vijana uwanjani. Baina ya kibandiko cha nne na cha tano ni sentimita chache za ngozi. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mashine, wala haifai kuachiwa jirani mwenye simu.

Siku ya kumi niliingia kwa daktari, binti wa makamo ya mwanangu wa kwanza. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, daktari." Nikamnyoshea bahasha, naye, badala ya kuifungua, akaiweka mezani, akaweka kiganja juu yake, akaanza kuniuliza. Je, nikipanda mlima au nikibeba mzigo kifua hubana, kisha kikaachia nikisimama? Nimewahi kuanguka nikapoteza fahamu? Nalala kwa mito mingapi? Miguu huvimba jioni? Baba alikufa na nini, akiwa na umri gani, na katika ndugu kuna aliyekufa ghafula kabla ya miaka 50? Navuta sigara? Kisukari nimepima lini? Dawa gani nameza, na hata zile za miti shamba? Maswali yale yalichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe, na mimi, niliyekuwa na haraka ya kusikia hukumu, nikashindwa kustahimili.

"Mwanangu, karatasi inasemaje?"

"Karatasi, mzee, bado sijaiuliza. Nataka nijue kwanza inamsema nani."

Jawabu lile sijalisahau, na baadaye nilipokwenda kusoma nikakuta kwamba lina nasaba ya zamani. Mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake, lilichapishwa andiko la kasisi wa Kiingereza, Thomas Bayes, lililofungua njia ya fikra kwamba ushahidi mpya haupimwi peke yake, bali huongezwa juu ya kile kilichokuwa kikijulikana kabla haujaja. Wimbi la T lililo bapa kwa msichana wa miaka 20 anayecheza netiboli wala haumwi kitu, aghalabu si kitu. Wimbi lile lile, lenye ubapa ule ule, kwa mvuta sigara wa miaka 60 anayebanwa kifua kila akipanda ngazi, ni jambo la kushughulikiwa leo. Mstari mmoja, maana mbili. Wazee wetu waliokaa mbele ya makadhi walilijua hili bila hesabu: kadhi mwadilifu hamfukuzi shahidi kwa kuwa amekuja peke yake, wala hamtii mtu hatiani kwa kauli yake pekee, bali humwuliza alisimama wapi, kulikuwa na mwanga kiasi gani, na kuna nani mwingine aliyeona. Kwa sababu hiyo hiyo jopo la wataalamu wa kinga huko Marekani, mwaka 2012 na tena mwaka 2018, lilishauri kwamba watu wasio na dalili na wenye hatari ndogo wasipimwe umeme wa moyo ovyo kama njia ya kutafuta maradhi ya mishipa, maana kwa watu kama hao karatasi huzua shaka nyingi kuliko inavyofumbua, na shaka huvuta vipimo vingine, na vipimo vingine vina madhara yake.

Daktari alipomaliza kuuliza akanikalisha kitini, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akaniacha kimya dakika tano nzima, ndipo akanifunga mkanda wa presha. Akapima mara tatu. Kisha akanipima tena umeme, safari hii akizihesabu mbavu zangu kwa kidole kabla ya kubandika kila kibandiko, na ndipo akaitoa ile karatasi ya kwanza katika bahasha, akaziweka zote mbili juu ya meza. Wimbi lilikuwa bapa katika zote mbili. "Una ya zamani?" akaniuliza. "Ya miaka mitano, kumi iliyopita?" Sikuwa nayo; niliwahi kupimwa nilipoajiriwa, lakini karatasi ile sikuona haja ya kuitunza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akasema kwamba karatasi ya zamani ingalimwambia kwa dakika moja kama wimbi hili ni tabia yangu tangu ujana au ni mgeni aliyeingia juzi.

Lililomshughulisha zaidi lilikuwa ule mkanda. Wastani wa presha yangu ulikuwa 158 juu ya 96, ilhali mpaka wa kuitwa maradhi ni 140 juu ya 90. Lakini hata mkanda hakuupa hukumu siku ile. Alinituma nikapime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima na kuandika, kwa kuwa wako watu ambao presha yao hupanda kwa kuliona tu koti jeupe. Yangu haikushuka. Eko ikafuata, nami nikauona moyo wangu katika kioo cha mashine, wa kijivu, ukifumba na kufumbua kama kiganja: vali nzima, nguvu ya kusukuma nzuri, na ukuta wa chumba cha chini cha kushoto una unene wa milimita 12, ambapo kwa mwanamume wa kawaida hauzidi 10. "Umebeba mzigo miaka kadhaa bila kukuambia," akasema daktari. Nikamwuliza kama huo ndio ulioliponda wimbi la T. Akafikiri, akanijibu kwamba yawezekana, na yawezekana sivyo, na kwamba karatasi haina uwezo wa kulitatua hilo. Ila presha tunaijua, na dawa zake tunazijua, na ukuta ulionenepa kwa presha aghalabu hupungua mzigo ukipungua. Ngiri haikuhitaji kungoja. Faraja niliyoipata katika jawabu lile, lililokiri wazi kwamba kuna jambo halijulikani, sikuipata katika jawabu lolote la simu ya jirani.

Kwa ajili ya wale wanaotaka kujua moyo wao utakuwaje miaka kumi ijayo, nasema kwa msisitizo kwamba mahali pa kutazama si pale kwenye mistari. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wataalamu waliandikisha wakazi 5,209 na kuwafuata mwaka baada ya mwaka wajue nani atapata maradhi ya moyo na kwa nini, na humo ndimo yalimothibitika mengi tunayoyaona leo kuwa ya kawaida kuyasema: presha, mafuta ya damu, sigara. Mwaka 2004 utafiti mwingine, ulioongozwa na Salim Yusuf na kukusanya watu kutoka nchi 52, zikiwamo za Afrika, ulikuta kwamba mambo tisa tu, ambayo karibu yote yapimika au yaonekana kwa macho, yanaeleza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za hatari ya shambulio la kwanza la moyo: sigara, mafuta ya damu, presha, kisukari, kitambi, dhiki ya nafsi, uchache wa matunda na mboga, desturi ya mtu katika unywaji wa pombe, na kukaa bila kuushughulisha mwili. Hapa kwetu presha ndiyo inayoongoza katika kuulegeza moyo, nayo haina maumivu. Nilipoulizwa nalikula nini, nikaanza kuhesabu: ng'onda wa kukaanga, papa mkavu wa nazi, achari kila mlo, na kijiko cha chumvi mezani kwa mazoea; na chumvi anayoruhusiwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani haifiki gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote, vya sufuriani na vya sahanini. Ng'onda siku hizi huloweshwa usiku kucha na kubadilishiwa maji mara mbili, na achari tumeiachia sikukuu. Kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki, kulinitia ugumu kuliko chumvi.

Kuna mzee wa mtaani kwetu, rafiki wa marehemu kaka yangu, ambaye karatasi yake ilitoka safi, haina neno hata moja la mashine, naye akaitia kwenye fremu ukutani kama cheti cha madrasa. Akaendelea na sigara zake. Siku moja baada ya alasiri kifua kilimbana, jasho la baridi likamtoka, maumivu yakapanda hadi tayani, na yeye akakataa kuondoka kitini, akiwaonyesha wanawe kidole ukutani. Walimchukua kwa nguvu, na Mungu alimjalia akapona. Kwa hali kama ile, nduguzangu, msitazame karatasi ya mwaka jana, wala msingojee asubuhi. Na hata karatasi ya kwanza ya hospitali ikitoka safi, bado hurudiwa baada ya muda mfupi na damu ikapimwa, kwa kuwa moyo unaoumia huweza kuchelewa kuandika.

Ama karatasi yenyewe, ina hitilafu moja ambayo sikuijua. Haiandikwi kwa wino; huandikwa kwa joto, na joto ndilo linaloifuta. Daktari aliniagiza nikatoe kopi siku ile ile, nami nikapita kwenye duka la stesheneri karibu na stendi, kijana akanitolea kopi mbili, nikaziweka kabatini pamoja na hati ya nyumba. Ile asili, kwa kuipenda, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka uliofuata nilipokwenda kupimwa tena, asili ilikuwa imekuwa kijivu, mistari imepotelea ndani ya miraba, haisomeki. Kopi ilikuwa nzima. Daktari akaiweka kopi kushoto na karatasi mpya kulia, akachukua rula, akaenda wimbi kwa wimbi, kibandiko kwa kibandiko, nami nikasikia feni ya dari ikizunguka. Presha ilikuwa 132 juu ya 82. Wimbi la T lilikuwa bapa kama mwaka uliopita, halikuongeza wala halikupunguza. "Halijasogea," akasema, akaandika tarehe kwa kalamu juu ya ile mpya, akanirudishia zote mbili.